Jean Jadot: Mhandisi wa reli aliyepewa mji wa Likasi, kisha jina lake likafutwa

Kwa miaka 35, kuanzia 1931 hadi 1966, mji wa Likasi katika mkoa wa sasa wa Haut-Katanga uliitwa Jadotville. Jina hilo lilitokana na Jean Jadot, Mbelgiji aliyeanza kazi akiwa mhandisi kijana wa reli ndogo za vijijini na kufariki akiwa mkuu wa kampuni kubwa kuliko zote katika nchi yake.

Jina liliondolewa miaka sita baada ya uhuru. Reli haikuondolewa. Njia ya chuma inayotoka Likasi kwenda Fungurume na Tenke bado inapita Mulungwishi, katika nchi ya Wasanga, mahali panapojulikana zaidi siku hizi kwa misheni ya Wametodisti na chuo kikuu chao. Watu wengi wanaoishi karibu na reli hiyo hawajawahi kulisikia jina la Jadot, ingawa maamuzi yake ofisini Brussels ndiyo yaliyochangia kuileta mpaka mlangoni kwao.

Maisha yake yanaonyesha jinsi kazi ndefu ya uhandisi ilivyoweza kumlipa mtu: fedha, cheo, heshima, hata mji mzima. Yanaonyesha pia malipo hayo yalimfikia nani, na nani hayakumfikia.

Mtoto wa kijiji cha On

Jean Jadot alizaliwa Januari 29, 1862, katika kijiji cha On, mkoa wa Luxembourg, kusini mashariki mwa Ubelgiji. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa nchi changa yenye umri wa miaka 32 tu, lakini tayari ilikuwa na viwanda vya chuma, migodi ya makaa ya mawe na mtandao mzito wa reli. Kwa kijana mwenye akili ya hesabu, uhandisi ulikuwa njia ya uhakika ya kupanda ngazi.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain na kuhitimu uhandisi mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 20. Kazi zake za mwanzo hazikuwa za kujivunia mbele ya watu. Alirudi katika mkoa wake kusimamia ujenzi wa reli nyembamba za vijijini, zile zilizobeba mbao, viazi na abiria wachache kutoka kijiji hadi kituo kikubwa.

Reli za namna hiyo zilikuwa shule nzuri. Fedha zilikuwa kidogo, vilima vilikuwa vingi, na mhandisi alipaswa kujua kila kitu mwenyewe: kupima ardhi, kukadiria mzigo wa daraja, kuchagua injini yenye nguvu ya kupanda mlima bila kula makaa kupita kiasi, na kulipa vibarua bila kuvuka bajeti. Jadot alikaa katika kazi hizo kwa zaidi ya miaka 10.

Tramu za Cairo

Safari yake ya nje ilianzia Misri. Mwaka 1894 mfanyabiashara wa Ubelgiji, Edouard Empain, alipata kibali cha kujenga tramu za umeme katika jiji la Cairo. Jadot alipelekwa huko kusimamia kazi. Mwaka 1896 tramu za kwanza zilianza kubeba abiria, wakati miji mingi ya Ulaya yenyewe ilikuwa bado inavuta mabehewa kwa farasi.

Kazi ya Cairo ilimfundisha mambo mawili ambayo baadaye yangemfaa. La kwanza lilikuwa umeme: jinsi ya kuuzalisha, kuusafirisha kwa waya na kuufanya usukume mashine. La pili lilikuwa kufanya kazi mbali na nyumbani, kati ya serikali ya nchi, wakoloni wa Kiingereza na wenye mitaji wa Brussels ambao kila mmoja alitaka lake.

Kilomita 1,200 za China

Mwishoni mwa miaka ya 1890, Wabelgiji walishinda mkataba mkubwa kuliko yote waliyowahi kupata nje ya nchi. Serikali ya China ilitaka reli kutoka Beijing hadi Hankou, kwenye mto Yangtze, umbali wa takribani kilomita 1,200. Jadot aliteuliwa kuiongoza kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 37 hivi.

Mwaka 1900 uasi wa Boxer uliwalenga wageni na reli zao. Njia iling'olewa, vituo vikachomwa moto, na wahandisi wa upande wa kaskazini wakalazimika kukimbia kuokoa maisha yao. Kazi ilirudi nyuma. Jadot alianza upya.

Kizuizi kikubwa kabisa kilikuwa Mto Manjano. Mto huo una tope jingi, hubadili njia yake, na chini hauna mwamba wa kushika nguzo. Daraja lililojengwa lilikuwa na urefu wa takribani kilomita tatu, likisimama juu ya nguzo za chuma zilizozamishwa katika mchanga. Reli nzima ilifunguliwa Novemba 1905.

Kufikia hapo Jadot alikuwa na umri wa miaka 43. Alikuwa ametumia miaka 23 katika kazi yake na kumaliza moja ya miradi migumu zaidi ya zama zake. Kwa wahandisi wengi hicho kingekuwa kilele. Kwake kilikuwa mlango.

Kutoka udongo hadi meza ya benki

Alipowasili Ubelgiji, Société Générale ilimkaribisha kuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Société Générale ilikuwa benki na kampuni mama kwa pamoja: ilikusanya fedha za watu na kuziwekeza katika migodi, viwanda vya chuma, reli na meli. Mabwana wa benki hiyo walijua hesabu za fedha. Walihitaji mtu anayejua hesabu za mashine.

Mwaka huo huo wa 1906, Mfalme Leopold wa Pili, ambaye bado alikuwa anaimiliki Congo kama mali yake binafsi, aliigeukia benki hiyo. Alikuwa anashambuliwa duniani kote kwa ukatili wa utawala wake, na alitaka utajiri wa ardhi hiyo ushikwe na mikono ya Wabelgiji kabla hajaikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji, jambo lililofanyika mwaka 1908.

Ndani ya wiki chache za mwishoni mwa 1906 zilizaliwa kampuni tatu ambazo majina yake yangetawala maisha ya Congo kwa zaidi ya nusu karne. Union Minière du Haut-Katanga ilipewa shaba. Forminière ilitafuta madini sehemu nyingine na baadaye ikachimba almasi Kasai. BCK ilipewa jukumu la kujenga reli ya kuunganisha Katanga na Bas-Congo. Jadot alikuwa katikati ya zote tatu, na ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa Union Minière.

Shaba bila reli ni mawe tu

Shaba ya Katanga haikugunduliwa na Wazungu. Vizazi vingi kabla yao, Wasanga na majirani zao walichimba na kuyeyusha madini hayo, wakatengeneza waya, majembe na misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari. Mafundi hao walijua kujenga tanuru, kuchagua mkaa na kupuliza mivukuto mpaka mawe ya kijani yatoe chuma chekundu.

Tatizo la Union Minière lilikuwa umbali. Migodi ilikuwa katikati ya bara, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Mashine nzito hazikuweza kuletwa kwa vichwa vya watu, na maelfu ya tani za shaba hayangetoka kwa njia hiyo. Hapo ndipo somo la China lilipoingia: kwanza reli, kisha mgodi.

Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza, likitumia makaa yaliyoletwa kutoka Wankie, Hwange ya sasa nchini Zimbabwe. Reli ikasonga hadi Kambove mwaka 1913, ikapita Mulungwishi na Tenke, na kufika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918.

Jadot hakuridhika na njia ya kusini, kwa sababu shaba ya Wabelgiji ilipita katika ardhi na bandari za watu wengine. BCK ikajenga reli ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ambako mzigo ulihamishiwa kwenye meli za mto Kasai na Congo. Mfalme Albert alikuwepo ilipofunguliwa mwaka 1928. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1931, reli ya kutoka Tenke kupitia Dilolo iliunganishwa na ile ya Benguela, na Katanga ikapata njia fupi ya kwenda bandari ya Lobito, Angola.

Njia hiyo ya Lobito ndiyo inayozungumzwa tena miaka hii, huku serikali na kampuni za kigeni zikiahidi kuifufua ili ibebe shaba na kobalti.

Viwanda vya Likasi

Wakati reli zinaenea, Likasi iligeuka kutoka eneo la machimbo kuwa mji wa viwanda. Mitambo ya Panda ilianza kuchambua madini mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kiwanda cha Shituru, kilichotumia umeme kusafisha shaba, kilianza kazi mwaka 1929. Umeme wake ulitoka katika maporomoko ya mto Lufira, huko Mwadingusha, ambako bwawa na mitambo vilikamilika mwaka 1930.

Kwa mhandisi, huo ulikuwa mnyororo mzuri kuutazama. Maji yalizungusha mashine, mashine zikatoa umeme, umeme ukasafisha shaba, na reli ikaibeba hadi baharini. Yale aliyojifunza Jadot katika vilima vya Luxembourg, barabara za Cairo na tope la Mto Manjano yote yalikuwa yamekutana Katanga.

Yeye mwenyewe aliyaendesha kutoka Brussels. Tangu mwaka 1913 alikuwa mkuu wa Société Générale, cheo kilichoitwa gavana, na alikishika mpaka kifo chake. Aliivusha benki hiyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Wajerumani walipoikalia Ubelgiji na kuinyima Benki ya Taifa haki ya kutoa noti. Noti zilizotumika na Wabelgiji katika kipindi hicho zilitolewa na Société Générale.

Alikuwa pia na desturi ya kupandisha wahandisi wenzake. Mmoja wao, Edgar Sengier, alifanya kazi China kabla ya kuingia Union Minière mwaka 1911. Sengier ndiye aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo na kuuza kwa Marekani urani ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi. Urani hiyo ilitumika katika mpango uliozaa mabomu ya atomiki ya mwaka 1945.

Mikono isiyotajwa

Hesabu za Brussels zilionyesha tani na faida. Hazikuonyesha vizuri watu. Reli na migodi vilihitaji vibarua wengi, na Katanga haikuwa na watu wa kutosha waliokuwa tayari kuacha mashamba yao. Mwaka 1910 iliundwa ofisi ya kuajiri vibarua, Bourse du Travail du Katanga. Mawakala wake walizunguka vijijini, na mara nyingi chifu alitakiwa kutoa idadi fulani ya vijana, watake wasitake.

Waliletwa kutoka Lomami na Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Angola, na baadaye kutoka Ruanda-Urundi. Katika miaka ya mwanzo wengi walikufa katika kambi kwa nimonia, homa ya matumbo na kuhara, na mafua makubwa ya 1918 yakaongeza makaburi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili mwenendo. Iligundua kwamba kibarua anayekufa au kutoroka baada ya miezi sita ni hasara. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, nyumba za familia, zahanati na shule. Vifo vilipungua. Katika kambi hizo, watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja, na Kiswahili kikashika mizizi. Kiswahili kinachosemwa leo Likasi, Kolwezi na Lubumbashi kilikomaa kando ya mashimo na reli hizo.

Lakini ngazi aliyoipanda Jadot ilikuwa imefungwa kwao. Mtoto wa kijiji cha On aliweza kwenda chuo kikuu. Mtoto wa fundi wa Panda alifundishwa kusoma, kuandika na kushika spana, basi. Chuo kikuu cha kwanza katika Katanga kilifunguliwa Elisabethville mwaka 1956, miaka 50 baada ya Union Minière kuanzishwa. Congo ilipopata uhuru Juni 30, 1960, Wacongo wenye shahada ya chuo kikuu walihesabika kwa makumi machache, na katika uhandisi hapakuwa karibu na yeyote.

Mji kama zawadi

Mwaka 1931 utawala wa kikoloni uliamua kuipa Likasi jina jipya. Elisabethville ilikuwa na jina la malkia, Albertville la mfalme. Jadotville ikapewa jina la mhandisi. Kwa mtu aliyeanza na reli za vijijini, ilikuwa heshima ambayo wachache wa taaluma yake waliwahi kuipata wakiwa hai.

Wakati wenyewe haukuwa wa sherehe. Mdororo wa uchumi uliofuata mwaka 1929 ulikuwa umeangusha bei ya shaba duniani. Union Minière ilipunguza kazi, ikafunga baadhi ya mitambo na kurudisha maelfu ya wafanyakazi makwao. Mji ulipata jina jipya huku watu wake wakiondoka.

Jadot hakuishi kuona shaba ikipanda tena. Alifariki Machi 1, 1932, akiwa na umri wa miaka 70, baada ya nusu karne ya kazi.

Jina lake liliendelea kuishi bila yeye, na halikuhusishwa na uhandisi peke yake. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Jadotville na Elisabethville wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakawafyatulia risasi. Septemba 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, kikosi cha wanajeshi wapatao 155 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa kilizingirwa mjini humo, kikapigana kwa siku kadhaa mpaka risasi zikaisha. Nje ya Congo, watu wengi wanalijua jina Jadotville kwa sababu ya mapigano hayo, hasa baada ya filamu iliyotolewa mwaka 2016.

Mwaka 1966 serikali ya Rais Mobutu iliondoa majina ya Kibelgiji katika miji. Jadotville ikarudi kuwa Likasi. Siku ya mwisho ya mwaka huo serikali ilitangaza kuichukua Union Minière, na kampuni iliyorithi mali zake ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Kwa mara ya kwanza wahandisi Wacongo walianza kukalia viti vya juu katika viwanda vya Shituru na Panda. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, kabla ya kuporomoka katika miaka ya 1990 kwa sababu ya uporaji, madeni na mitambo iliyokosa matengenezo.

Kilichobaki

Mwaka 1952, miaka 20 baada ya kifo cha Jadot, kipande cha reli kati ya Jadotville na Tenke kilianza kuendeshwa kwa umeme. Treni za umeme zikapita Mulungwishi wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado inategemea injini za mvuke na makaa. Kijana aliyeweka tramu za Cairo angeielewa kazi hiyo mara moja.

Hali ya reli hiyo leo si ya kujivunia. Treni ni chache, mwendo ni wa polepole, na shaba nyingi hutoka Katanga kwa malori yanayojaza barabara. Hata hivyo njia ni ile ile, na upana wa reli, milimita 1,067, ni ule ule ulioletwa kutoka kusini zaidi ya karne iliyopita.

Jadot alilipwa alichostahili kwa vipimo vya zama zake, na zaidi: mshahara, hisa, kiti cha gavana, na mji. Mji ulirudishwa kwa wenyewe. Waliobeba mataruma, waliochimba udongo na waliozikwa kando ya njia kati ya Kambove na Bukama hawakupewa hata jina la kituo.

Wajukuu wao ndio wanaosoma uhandisi leo Lubumbashi na Likasi. Ikiwa ahadi za kufufua njia ya Lobito zitatimizwa, kazi ya kuinyoosha reli ya Mulungwishi itawasubiri wao. Safari hii wanaweza kuwa mezani, na michoro ikawa yao.